Marehemu Anawasalimu

12 Januari

Baba,

Shikamoo. Bibi anakusalimu, kuku wake wanakusalimu, na mimi nakusalimu mara mbili kwa sababu nina shida.

Matokeo yametoka, nimekuwa wa kwanza shuleni. Usipige vigelegele bado. Nilipomwambia mwalimu wa hesabu kwamba naomba kile Chuo cha uhandisi, alinikalisha chini akasema, "Binti, wote wanaoomba pale ni wa kwanza shuleni kwao. Alama zitakufikisha kwenye foleni tu. Wanachotazama ni wasifu." Wasifu, Baba, ni karatasi inayoeleza wewe ni mtu gani ukiondoa masomo. Nimekaa nayo wiki nzima, na nikiondoa masomo sibaki na kitu.

Nimehangaika, usidhani nimekaa tu. Nimejiunga na chama cha mdahalo. Siku ya kwanza nikatetea upande wa wapinzani kwa ushahidi mzuri kuliko wao, tukashindwa. Nimepanda miche nyuma ya zahanati ili niandike "mtunza mazingira". Mbuzi wa jirani amekula mazingira yote. Nimeingia kwaya, mwalimu wa kwaya ameniomba kwa heshima niwe nafungua mdomo bila kutoa sauti.

Na wanataka insha: "Tueleze jambo lililokujenga." Mimi nimejengwa na nini? Sijawahi kuvuka mto wenye mamba. Sijawahi hata kulazwa. Nisipopata nafasi hapa, hakuna chuo kingine kinachofundisha madaraja ambacho tunakiweza, na wewe utaendelea kuchezea baruti mpaka siku ambayo sitaki kuitaja. Nataka utoke huko, Baba. Ndiyo maana nahangaika hivi. Niambie lolote juu yetu linaloweza kuandikwa.

Wako,
Kokoto

24 Januari

Kokoto wangu,

Marahaba, na marahaba nyingine kwa ile ya pili.

Barua yako nimeisoma kwa sauti mbele ya wenzangu. Usikasirike. Unajua hapa machimboni hatuna ofisi wala karani. Mimi ndiye ninayewasomea barua zao na kuwaandikia majibu, nawajua wake zao na madeni yao ya maneno, basi wakasema na yangu waisikie. Ulipofika kwa mbuzi, mpiga nyundo alikaa chini akashika tumbo. Ulipofika mwisho kila mtu akaenda kuosha sahani yake.

Mambo yetu ya kuandika ni machache. Asubuhi natoboa mwamba, natia baruti, nawasha utambi, napuliza filimbi. Jiwe linashuka, lori linabeba. Kidole kimoja nilikipoteza ujanani na vilivyobaki vimepata adabu. Hakuna hadithi hapo.

Mwandike mama yako. Alifariki hujaanza kutambaa. Hilo ndilo jambo kubwa lililotupata. Mimi nimeshindwa kulisema miaka yote hii, lakini wewe umesoma. Na wakikukataa, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Lori linapiga honi. Msalimie mama mkwe na kuku wake.

Baba yako

6 Februari

Mwanangu,

Bibi yako anasikia hata sindano ikianguka kwa jirani, ndiyo maana sikupigi simu, nakuandikia.

Insha yako juu ya mama yako, dada yangu, nimeisoma hapa kazini mapokezini, zahanati yetu imejaa. Mimi ndiye niliyemwosha dada yangu siku ile, na hata mimi insha hii haikuniliza. Unajua kwa nini? Humkumbuki. Umeandika kama mtu anayesimulia mvua ya nchi nyingine.

Hapa mjini kuna mama mmoja anayepitia wasifu za watoto wa wakubwa kabla hazijapelekwa Chuo. Huja kupima presha kwetu, nikamwonyesha wako. Akasoma, akavua miwani, akasema, "Huyu mtoto ana akili, lakini wasifu wake umenyooka mno. Hauna kidonda. Pale wanapenda mtoto aliyeanguka akainuka." Halafu akauliza baba yako anafanya kazi gani. Nikamwambia. Akasema, "Na bado yu hai?" kama mtu anayeona chakula kinaharibika.

Mimi sisemi kitu. Nakuuliza tu. Siku ukiletewa habari kutoka machimboni, utaipokeaje? Hebu liandike hilo. Karatasi haimuui mtu. Na nani atakwenda kule kuuliza, mahali ambapo hata simu haishiki?

Usimwambie shemeji kwamba wazo ni langu. Tangu siku ya harusi yao ananiona mimi ndiye shetani wa ukoo.

Mama yako mdogo

15 Februari

Mama Mdogo, shikamoo.

Nimefanya. Imo kwenye bahasha hii. Usiisome ukiwa kazini.

Machozi ya Mama niliyatafuta wiki mbili sikuyaona. Ya Baba yalikuja kabla kalamu haijagusa karatasi. Nadhani ni kwa sababu sikubuni kitu. Tangu nikiwa mdogo, mvua zikianza nakaa mlangoni malori ya kokoto yakipita, namtazama dereva usoni, nione kama ana habari ya kuleta. Nimemzika Baba kila mwaka moyoni mwangu bila mtu kujua. Safari hii nimeandika tu.

Nimesema mvua za mwaka jana zilipoanza, baruti moja ilikataa kulipuka, akarudi kuitazama. Nimesema nililala na shati lake mpaka harufu ya moshi ikaisha. Nimeandika mara moja bila kufuta neno. Ni nzuri, Mama Mdogo, na kwa sababu ni nzuri nimeifunga bahasha haraka nisiisome tena.

Ipeleke leo. Ukichelewa nitapanda basi nije niichane.

Mwanao

10 Machi

Baba, shikamoo,

Wameniita! Usaili ni tarehe 14 Aprili. Kutoka wilaya yetu yote tumeitwa wawili, na huyo mwenzangu baba yake ana shule yake mwenyewe. Bibi ametangaza mpaka kisimani. Mimi silali.

Sasa nakuomba jambo moja na usiniulize sababu. Usije. Najua utataka kuja kunisindikiza. Usije mjini, usije Chuoni, usimtume mtu. Nikishapata nafasi nitakueleza. Kama unanipenda, Baba, kaa hukohuko.

Kokoto

18 Machi

Kokoto,

Nimeelewa.

Hukuandika sababu lakini mimi si mtoto. Mtu akinipa mkono, anashtuka kidogo anapofika pale pasipo na kidole. Kucha zangu haziishi weusi hata nizisugue na mchanga. Na masikio yangu siku hizi, mtu akisema taratibu naitikia "ndiyo" kwa jambo lisilo la ndiyo. Wakubwa wa Chuo wakiniona wanaweza kukupunguzia. Ungeniambia tu, nisingekasirika. Au ningekasirika siku moja, basi.

Nilikuwa nimenunua shati. Nimempa mpiga nyundo, anaozesha mwezi ujao.

Sitakuja. Ila kuna jambo la mzazi ambalo haliachwi, na hilo nitalifanya kwa njia isiyokuaibisha.

Baba yako

(Barua hii haikuandikwa tarehe)

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Chuo,

Pokea salamu za mtu asiyezoea kuwaandikia wakubwa.

Mimi ni baba wa binti mtakayemsaili, yule anayetoka kwa bibi yake, wa kwanza kwa hesabu. Kazi yangu ni kulipua mwamba. Kwenye kazi hii kijana hagusi baruti mpaka mzazi wake amlete, amshike mkono, amkabidhi kwa fundi mbele ya watu. Mimi nilikabidhiwa na baba yangu. Ambaye hakukabidhiwa, akipatwa na jambo, fundi hana wa kumjibu, na yeye mwenyewe hana pa kurudi.

Ilinipasa nije. Binti amenizuia, na ana sababu zake, nami nimezikubali. Basi namkabidhi kwako kwa maandishi.

Akinyamaza usidhani hajui, anahesabu. Akishinda njaa kichwa kinamuuma na hasemi, mtamjua kwa kukunja uso. Anaogopa radi ingawa baba yake ndiye mwenye kelele kuliko radi. Hawezi kuimba, tafadhali asilazimishwe. Tangu ana miaka sita anauliza kwa nini daraja letu linachukuliwa na maji kila mwaka, na mimi sijapata jibu la kumpa. Nadhani ninyi mnalo.

Mtoto ni wako sasa. Mkosoe akikosea.

Baba yake

28 Machi

Kwa Mwombaji,

Ofisi hii imepokea barua isiyo na tarehe kutoka kwa mtu anayejitambulisha kuwa baba yako mzazi. Katika insha yako, ambayo ndiyo iliyolifanya Baraza likuite, umeeleza kwamba baba yako alifariki mvua za mwaka jana zilipoanza.

Unatakiwa kutoa maelezo siku ya usaili. Ikithibitika kwamba umetoa taarifa ya uongo, ombi lako litafutwa.

Msajili wa Chuo

1 Aprili

Baba,

Leo sikusalimu. Sina uso wa kukusalimu.

Soma hadi mwisho kabla hujanilaani. Nimewaambia Chuo kwamba umekufa. Insha niliyoandika nimeinakili, imo humu, isome uone nilivyokufanyia. Ndiyo maana nilikwambia usije. Haikuwa mkono wako, Baba! Mkono wako ningeuvaa shingoni mbele ya Baraza lote. Nilikuzuia kwa sababu maiti haiwezi kuingia getini na kuomba maji ya kunywa.

Nawe ukawaandikia. Msajili ameniita nijieleze. Mama Mdogo anasema niseme barua imeandikwa na mwendawazimu wa kijijini. Niseme baba yangu ni mwendawazimu ili asiwe baba yangu. Bibi hajui kitu, ameanza kunishonea gauni la usaili, kila jioni ananiita nilijaribu, nasimama pale na pini zinanichoma nasema ni zuri.

Sijui nifanye nini. Nikisema ukweli, nimekosa Chuo na kila mtu atajua nilimuua baba yangu kwa ajili ya nafasi. Nikidanganya, nakuua mara ya pili, na safari hii mbele ya watu, kwa mdomo wangu. Nimefika mwisho, Baba. Niambie nifanye nini, au niambie wewe si baba yangu tena, lakini niambie kitu.

Kokoto

8 Aprili

Kokoto wangu,

Marahaba. Hukunisalimu, lakini nimeitika.

Insha nimeisoma. Kwanza nikuambie kama fundi: umeniua kijinga. Mimi nirudi kwenye tundu lililogoma kulipuka, mvua inanyesha, kabla ya muda wake? Hata kibarua wa juzi hawezi. Wenzangu wakiisoma watanicheka mpaka kaburini. Ungeniuliza, ningekutafutia kifo cha heshima.

Pili nikuambie kama baba. Nilipofika pale kwenye shati, nilitoka nje. Mpiga nyundo aliniuliza nina nini, nikamwambia vumbi, na mvua ilikuwa inanyesha. Sikujua unakaa mlangoni kutazama nyuso za madereva. Miaka yote hiyo nilidhani unacheza.

Iliniuma. Sitakudanganya kwamba haikuniuma. Mtu akisoma habari ya kufa kwake kwa mwandiko wa mwanawe, anairudia tangu mwanzo kama barua ya mtu mwingine. Lakini nikajiuliza, nani amewahi kuliliwa vile akiwa hai asikie? Wengi wanakufa bila kujua kama wangeliliwa. Mimi najua.

Sasa sikiliza. Siku ya usaili usiseme chochote juu yangu. Wakiuliza, inamisha kichwa. Mengine niachie mimi. Nilikuharibia kwa kalamu, nitatengeneza kwa kalamu.

Mvua zimekaza. Dereva anasema hili huenda likawa lori la mwisho kabla daraja halijaondoka.

Baba yako

8 Aprili

Kwa Msajili wa Chuo,

Kwa masikitiko tunawajulisha kwamba mlipua mwamba wetu, tuliyekuwa tukimwita Baruti, baba wa binti mnayemsaili, amefariki dunia hapa kazini, mvua zilipoanza. Barua iliyowafikia ilikutwa kwenye sanduku lake, tukaona ni haki ifike. Kama imeleta mashaka, kosa ni letu. Binti hakusema uongo.

Tunaomba pia isahihishwe kwamba hakurudi kwenye tundu lililogoma. Alikuwa mtu makini. Jiwe lililegezwa na mvua likamfuata kutoka juu, na hapo hakuna fundi anayeweza kulaumiwa.

Alikuwa mtu wa kawaida. Alipenda kusema sana. Nilimfahamu kama ninavyojifahamu, na naweza kuapa kwamba hapakuwa na siku aliyomaliza kula bila kumtaja mtoto wake. Alikuwa akisema, huyu atajenga daraja ambalo maji yatalipigia magoti. Tulikuwa tunamchoka.

Marehemu angewasalimu. Mpeni mtoto nafasi.

Karani wa Machimbo

15 Aprili

Baba, shikamoo.

Barua yako niliipata siku mbili kabla ya usaili. Ulisema niinamishe kichwa. Sikukutii.

Walikuwa watano nyuma ya meza ndefu. Waliniuliza hesabu, nikajibu. Waliniuliza kuhusu uzito na nguzo, nikajibu, mmoja wao akatabasamu. Halafu Msajili, mwanamke mwenye sauti ya chini, akafungua jalada akasema, "Tueleze juu ya baba yako." Nikakumbuka uliniambia ulitoka nje mvuani. Nikasema, "Baba yangu yu hai. Nilidanganya. Barua mliyopata ni yake, na kila alichoandika juu yangu ni kweli, mpaka kuimba." Yule aliyetabasamu akaacha kutabasamu. Msajili akaniuliza kwa nini. Nikasema sikuwa na kidonda. Wakatazamana.

Wakanishukuru. Unajua ile asante ya kumtoa mtu mlangoni.

Basi imekwisha. Mama Mdogo hasemi na mimi, Bibi amelikunja gauni bila kuuliza. Nimelia siku nzima, na sikudanganyi, sijalia kwa sababu nimetenda mema. Nimelia kwa sababu nilikitaka. Nimekitaka kile Chuo kama mtu anavyotaka kupumua, na nimekikosa kwa mdomo wangu mwenyewe.

Wanasema daraja limeondoka na malori hayapiti. Barua hii naiweka kwa mwenye duka la njia panda, akipata mtu wa kuja huko ampe. Toka kwenye mwamba mvua zikiwa hivi. Nakuomba.

Kokoto

2 Mei

Kwa Mwombaji,

Baada ya usaili wa tarehe 14 Aprili, Baraza liliamua kufuta ombi lako kwa sababu ya taarifa ya uongo uliyokiri mwenyewe.

Hata hivyo, tarehe 22 Aprili ofisi ilipokea barua kutoka kwa Karani wa Machimbo ikitujulisha kwamba baba yako amefariki kazini, baada ya jiwe kuporomoka mvua zilipoanza. Karani hakutaja tarehe ya kifo, lakini kwa kuwa barua ya baba yako inataja usaili, na mbele ya Baraza ulisema yu hai, tunaelewa kwamba msiba umetokea karibuni na hukuwa na habari. Ikiwa habari hii inakufikia kwanza kupitia kwetu, tunasikitika sana.

Baraza limeketi upya. Kwa kuzingatia matokeo yako, ukweli uliousema, na zaidi ya yote msiba huu, Baraza limekurudishia nafasi. Unatakiwa kuthibitisha kabla ya mwisho wa mwezi.

Naongeza kwa niaba yangu binafsi: ile barua ambayo kwayo baba yako alikukabidhi kwetu niliisoma zaidi ya mara moja. Pole, binti.

Msajili wa Chuo

6 Mei

Kwa anayejiita Karani wa Machimbo,

Sikujui. Baba aliniambia huko hamna karani. Nimeikamata hiyo sentensi tangu nilipopata barua ya Chuo, siiachi, nalala nayo mkononi. Hamna karani. Yeye ndiye anayewaandikia watu barua. Basi nani aliandika ile?

Lakini mvua ni kweli. Daraja kuondoka ni kweli. Tangu barua yake ya tarehe 8 sijapata neno. Na jiwe kufuata mtu kutoka juu ni kweli, hutokea, tangu utoto nasikia hutokea. Labda mmepata karani. Labda kampuni imemleta karani kwa sababu aliyekuwa anawaandikia amekufa. Nimefikiri hivyo jana nikaanguka pale pale jikoni, Bibi akanimwagia maji.

Bibi anataka kuweka matanga. Nimemkataza. Nimemwambia hakuna mtu atakayelia katika nyumba hii mpaka nijibiwe, na yeye analia chooni.

Nilimwandika amekufa na sasa wananiambia amekufa, mvua zilezile, kazi ileile. Kama ni mimi niliyemwitia kifo, niambieni. Wamenipa nafasi. Unasikia? Chuo wamenipa, wameandika kwamba ni kwa ajili ya msiba. Barua yao nimeiweka chini ya godoro kwa sababu siwezi kuitazama na siwezi kuichana.

Ndugu yangu, kama kweli wewe ni karani, niambie mmemlaza wapi na nani alimshika kichwa. Niambie tu, hata kama ni vibaya.

Na kama wewe ni Baba, kama umekaa hapo na kalamu yako unafanya akili zako, basi ujue ukifika hapa nitakuua mwenyewe, kwa mikono yangu, na safari hii sitaandika. Lakini uwe wewe. Nakuomba uwe wewe.

Barua hii anakuja nayo mtu wa trekta la mchanga. Amesema atapita mtoni, maji yamfike kiunoni au shingoni, kwa sababu nimempigia magoti barabarani.

Binti yake

19 Mei

Kwa Msajili wa Chuo,

Baba yangu yu hai.

Alifika jana jioni juu ya trekta la mchanga, matope mpaka kifuani, akiwa amebeba viatu kichwani. Bibi ndiye aliyemwona kwanza. Alimrushia sufuria akidhani ni mzuka, na alipohakikisha si mzuka akamrushia nyingine. Mimi sikumrushia kitu. Nilikuwa nimekaa sakafuni nachambua mchele. Alikuja akakaa chini pale nilipokuwa, akanipa mkono wake, nikahesabu vidole vyake vyote vilivyobaki.

Barua ya Karani aliiandika yeye. Machimboni hakuna karani. Hakujua kwamba nimekwisha kuwaambia ukweli. Barua yangu ya kumwambia hivyo iko dukani njia panda mpaka leo. Alidhani akifa mara moja zaidi, vizuri, mambo yangu yatanyooka. Naomba asishtakiwe. Kama kuna wa kushtakiwa ni mimi niliyeanza kumuua.

Mliandika kwamba nafasi nimerudishiwa zaidi kwa sababu ya msiba. Msiba haupo. Kwa hiyo nafasi hii siwezi kuithibitisha, nairudisha. Naitaka, Mheshimiwa. Sitaki mdhani kwamba siitaki. Usiku nilikaa nayo nikijaribu kutafuta njia ya kuwa nayo na kuwa naye, na sikuipata. Mkiniruhusu kuomba tena mwakani, nitaomba, na wasifu wangu utakuwa umenyooka vilevile. Mkinikataza, nitaelewa.

Naandika haraka kwa sababu mwenyewe yuko jikoni na amekasirika. Anasema nisitume barua hii. Anasema niwaambie kwamba aliyefika jana ni mjomba wangu, na kwamba yeye yuko tayari kuwa mjomba mpaka nimalize masomo, hata akinitembelea Chuoni ataniita "binti wa marehemu" na hatakosea hata mara moja, ameshaanza kufanya mazoezi na Bibi.

Nimemkatalia. Si mjomba. Ni baba yangu, na hivi ninavyoandika anakunywa chai na kunigombeza.

Ni mimi,
Binti yake